Babu Anapokuja Mjini

Waandishi wengi wa hadithi za kutisha hutegemea damu na milango inayolia usiku wa manane. Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1947, alipoigeukia mizuka katika kazi zake za baadaye alifuata njia nyingine. Katika Babu Alipofufuka, iliyochapishwa hapa Nairobi mwaka 2001, mzee aliyekwisha kuzikwa anamjia mjukuu wake, K, bwana mkubwa mwenye cheo na mali. Hakuja kumnyonga. Amekuja kumtoa kwenye starehe zake, amtembeze, amwonyeshe.

Wengi wetu tulimjua mwandishi huyu shuleni kupitia Utengano ya 1980. Humo hofu ina sura ya mtu: Maksuudi, anayewafungia mkewe na bintiye ndani ya nyumba. Naipenda riwaya ile. Lakini ukiifunga unajua mbaya wako ni nani, na umeshaachana naye. K wa Babu Alipofufuka hana hata jina, ana herufi moja tu, na kadiri unavyosoma ndivyo unavyozidi kuijaza kwa watu unaowafahamu, hadi siku unapojiona mwenyewe humo.

Kuisoma riwaya hii ukiwa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kunaiongezea makali. Kaloleni, Jericho, Umoja, Kayole: ni wachache wetu waliowazika babu zao huku. Mtu akifiwa, tenti hufungwa nje ya ploti, viti vya plastiki hupangwa, na jioni baada ya jioni majirani hukutana. Mweka hazina huwa na daftari la shule, jina kushoto, kiasi kulia; waliotuma kwa M-Pesa husomwa kwa sauti ili wasikike. Kisha basi hukodiwa, marehemu husafirishwa ushago, kijijini kwao, nasi hurudi Jumapili usiku kuwahi kazi. Kaburi hubaki mwendo wa siku nzima kutoka tunapolala. Ndiyo maana mzee anayefufuka na kumfikia mjukuu mpaka ndani ya anasa zake hunitia baridi: umbali tulioutegemea umekwisha.

Tena mwandishi amemchagua babu, si baba. Hapo ndipo ninapouona ufundi wake hasa. Baba angeogopwa tangu mwanzo, na hofu ile ingekuwa ya kawaida. Babu kwetu ni mtu wa utani. Ndiye humwita mjukuu mume mwenza, ndiye anayekimbiliwa mtoto akitaka kuchapwa, ndiye anayeweza kukuambia aibu yako ukacheka naye. Mzuka akivaa sura hiyo, utamfukuzaje? Utamsomea dua gani? K hawezi kumkana bila kujikana, na kila analoonyeshwa linatoka kwa mtu asiye na sababu ya kumdanganya.

Kabla yake, mwandishi mwenzake Euphrase Kezilahabi alikwisha kuitikisa riwaya ya uhalisia kwa vitabu vyake Nagona na Mzingile, lakini vitabu hivyo huniacha nikitafakari zaidi kuliko kuogopa. Dunia Yao ya 2006, ya Said Ahmed Mohamed mwenyewe, ni ngumu zaidi, na wapo wanaoiweka chini mapema. Anayetaka kuanza aanze na Babu Alipofufuka, tena aisome kwa sauti. Aliyeiandika ni mshairi pia, na sentensi zake hutisha zaidi zikipita kinywani.