Kwale, Wavu na Kamera: Namna Ndege na Wanyama wa Udzungwa Walivyotambuliwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na kilomita za mraba 1,990 katika mikoa ya Iringa na Morogoro, ina msitu wa Mwanihana unaopanda bila kukatika kutoka takribani mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, na mwinuko huo, kuliko ukubwa wa eneo, ndio unaoamua zana ipi itafaa na wapi.

Kwa ndege wa vichakani hutumika wavu mwembamba wa nyuzi nyeusi, wenye urefu wa mita 12 hivi, unaosimamishwa kivulini kwa nguzo mbili. Ndege asiyeuona huugonga na kudondokea kwenye mkunjo uliolegezwa makusudi, kisha hunasuliwa, hupimwa, huvishwa mguuni pete yenye namba na kuachiwa, ili akinaswa tena ajulikane. Hata hivyo, wavu huo haupiti sana mita tatu kutoka ardhini, kwa hiyo ndege wa vileleni hawaugusi, na kwale, anayetembea zaidi kuliko kuruka, hunaswa kwa nadra.

Haishangazi basi kwamba kwale wa Udzungwa alijulikana kwa watafiti kutoka Denmark mwaka 1991 kupitia miguu ya ajabu iliyoonekana ndani ya sufuria kambini, naye mwaka 1994 akawekwa katika jenasi mpya, Xenoperdix, yenye jamaa wa karibu katika misitu ya Asia. (Aliyemtega, bila shaka, alijua pa kumpata, ingawa masimulizi ya ugunduzi hulipita jambo hilo upesi.)

Pengo la ardhini limezibwa kwa sehemu na kamera za mtego, yaani kamera zinazofungwa chini kwenye shina na kupiga picha zenyewe zinapohisi joto la mnyama anayepita. Mwaka 2005 zilimnasa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye uzito wa gramu 700 hivi. Lakini kwa kuwa picha haipimi uzito wala haitoi kielelezo cha kulinganishwa na spishi nyingine, ilibidi akamatwe mwaka 2006 kabla ya kutangazwa spishi mpya mwaka 2008.

Ugumu unaobaki ni wa majira: baadhi ya ndege wa juu hushuka mabondeni wakati wa baridi, kati ya Juni na Agosti, hivyo orodha ya mwinuko mmoja iliyokusanywa Julai haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ile ya Desemba.