Gome, Kamba na Mzizi

Katika ua mmoja wa Ipuli, Tabora, chini ya mwembe, kimetundikwa kipande cha gome kinachokaribia urefu wa mkono wa mtu mzima. Juu yake umekaa mmea wa okidi wenye majani machache, manene, ya kijani kilichoiva. Hakuna chungu, hakuna udongo, hakuna samadi. Mizizi yake ya rangi ya majivu imeambaa juu ya gome, ikaingia kwenye nyufa, ikatokea upande wa pili na kuendelea na safari. Ukitaka kuubandua mmea huo itakubidi uvunje gome. Mgeni anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani uliota papo hapo, na sioni sifa kubwa kuliko hiyo anayoweza kupewa mzee aliyeufunga, maana alama ya mkono wake imekwisha kupotea.

Mzee huyo alikuwa mfuga nyuki. Miaka yake ya nguvu aliimaliza misituni upande wa Sikonge, akitengeneza mizinga ya magome, akiitundika juu ya miti na kurudi msimu wa kurina asali. Umri ulipomkataza kupanda miti alibaki na mambo mawili ambayo uzee haukumnyang'anya: kulijua gome na kujua kufunga. Ufundi wake wa sasa umejengwa juu ya hayo mawili.

Okidi alizonazo ni za misitu ya miombo ya hapa hapa. Moja ni Ansellia africana, yenye mashina marefu yaliyovimba na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, mfano wa ngozi ya chui. Mtaalamu wa mimea John Lindley aliipa jina hilo mwaka 1844 kwa heshima ya John Ansell, aliyeichuma kisiwani Fernando Po, Afrika Magharibi. Nyingine ni Aerangis verdickii, ndogo kwa umbo, yenye maua meupe. Zote mbili huishi juu ya matawi bila kuunyonya mti. Watu wengi huzichukulia kuwa vimelea, na wapo wanaozikwangua kwenye miembe yao wakidhani wanaiokoa. Mti kwao ni mahali pa kukaa tu: chakula chao hutokana na mwanga, mvua, vumbi na majani makavu yanayonasa kwenye mizizi. Ansellia hata huotesha mizizi mingine inayosimama wima, myembamba na yenye ncha kali, ikajisukia kikapu cha kudakia majani yanayoanguka.

Msafiri James Augustus Grant, alipofika Kazeh pamoja na mwenzake Speke mwaka 1861, alikusanya mimea katika safari yake nzima, na mkusanyiko wake ukapelekwa Kew, Uingereza. Kazeh ndiyo Tabora hii hii, kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Nikisoma habari za barabara ile, za wapagazi, pembe za ndovu na watumwa, huwa nafikiria pia jinsi watu wote wale walivyopita siku baada ya siku chini ya matawi yaliyobeba okidi. Nyakati za masika huzioni, kwa kuwa msitu umefunga. Ngoja mwezi wa nane, miombo ikishapukutisha majani, ndipo uinue macho.

Turudi kwa mzizi, kwa sababu bila kuujua mzizi wa okidi huwezi kuelewa kwa nini mtu aache chungu ashike gome. Mzizi huo umevikwa tabaka la seli zilizokufa, jeupe likiwa kavu, ambalo hufyonza maji kama sifongo mvua inapoligusa, kisha likageuka kijani kwa sababu rangi ya ndani inaonekana. Baada ya kunywa, linahitaji hewa likauke upesi. Lifukie katika udongo wa bustani, maji yakae, nalo litaoza. Mmea utafuata baadaye, polepole, huku mwenyewe akiongeza maji kwa kuona majani yananyauka. Mizizi hii hufanya hata kazi ya majani. Tanzania ina okidi za kundi la Microcoelia ambazo hazina majani kabisa: mmea mzima ni fungu la mizizi ya kijivu ubavuni mwa tawi, na mizizi hiyo ndiyo inayonasa mwanga na kutengeneza chakula.

Sasa gome. Mzee halichukui kwenye mti ulio hai, na hapo nilimpenda zaidi, maana yeye anajua kuliko wengi gharama yake. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuubandua mti gome lake duara zima, na mti uliobanduliwa hivyo hufa. Ndiyo sababu maofisa wa nyuki wamekuwa wakihimiza mizinga ya masanduku. Yeye huokota vipande vya mizinga mikuukuu iliyoanguka, ya miti ya muba au mtundu, iliyopigwa mvua na jua mpaka utomvu wote ukaisha. Hukigonga kipande kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikitoa sauti ya kufa, hukitupa, kwa kuwa kimeanza kuoza na hakitadumu muda ambao okidi itahitaji. Hukwaruza kwa ukucha kuona kama kinabambuka. Gome linalobambuka ni adui, kwa sababu mizizi itashika ganda la juu, ganda litaanguka, na kazi ya mwaka mzima itaanguka nalo. Anachotaka ni gome gumu, lenye nyufa zisizo na kina sana, mahali ambapo ncha ya mzizi inaweza kupata kivuli na unyevu kidogo.

Akikosa gome hutumia kipande cha mninga kutoka kwa mafundi seremala, ila hicho lazima kiwe hakijapakwa vanishi wala dawa ya mchwa. Hukiacha nje masika yote kabla ya kukitumia. Ureno na Hispania zina gome la mwaloni wa koki, ambalo wapenzi wa okidi duniani hulisifu sana kwa wepesi na uimara wake. Sidhani sisi tuna haja ya kulionea wivu.

Kufunga kuna majira yake. Wakati mzuri ni pale mmea unapotoa mizizi mipya, na kwa hizi za miombo hiyo ni karibu na mvua za kwanza, kuelekea Novemba. Mzee huitazama ncha ya mzizi: ikiwa imefunikwa na weupe mpaka mwisho, mzizi umelala, ikiwa na kijani kinachong'aa, unasafiri. Mzizi mkuukuu hata ukiubana namna gani hautashika gome. Ule mpya pekee ndio unaojigandisha, kwa vinywele vidogo sana vinavyoota upande unaogusa mti. Kwa hiyo anayefunga mapema mno hupata mmea uliofungwa tu, ambao haujashika kitu.

Kamba yake ni ya ganda la ndani la myombo, ile ile iliyofungia mizigo na kujengea nyumba Unyamwezini tangu zamani. Huiloweka, huichana ikawa nyembamba, kisha huzungusha mara chache juu ya shina, kamwe si juu ya ncha za mizizi. Wengine hutumia uzi wa kuvulia samaki au vipande vya soksi ndefu za kike, na hivyo pia hufaa. Waya wa shaba haufai kabisa, kwani shaba ni sumu kwa okidi. Ubora wa kamba ya myombo ni kwamba huoza yenyewe, na kwa kawaida huoza baada ya mizizi kushika. Aerangis huielekeza ichungulie pembeni au chini, vile inavyoning'inia msituni, maji yasitulie katikati ya majani na kuiozesha.

Siku moja nilimkuta akifunga, nami nikaona kamba imelegea kuliko nilivyotarajia.

"Shikamoo, baba. Mbona hukazi?"

"Marahaba, mwanangu. Ukikaza unaikata, ukilegeza inacheza, na ikicheza ncha inavunjika. Mimi naishikilia tu, kushika itashika yenyewe."

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja kwake ni kazi. Mmea mpya huwekwa kwenye kivuli cha mwembe na kunyunyiziwa kila asubuhi, mapema, ili ukauke kabla ya usiku. Anapenda maji ya mvua aliyokinga. Ya bomba huyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha. Masika yakishakolea huiachia mvua.

Kiangazi ndicho kinachomtenga fundi na mwenye pupa. Tabora hukaa karibu nusu mwaka bila mvua ya maana, na mtu mwenye huruma huona mashina ya Ansellia yakianza kufanya mikunjo, akakimbilia kopo la maji. Mzee hakimbii. Okidi za miombo zimezoea mapumziko hayo, na Ansellia ikinyweshwa mwaka mzima huweza kunenepa majani bila kuchanua. Yeye huilowanisha kidogo, mara chache, na kuisogeza kwenye mwanga zaidi. Ya dukani, yale maua makubwa yanayoletwa kwa ndege na kuuzwa Dar es Salaam kwenye vyungu vya plastiki, hayana asili hiyo; ukiyatundika kwenye gome Ipuli mwezi wa saba, upepo mkavu utayamaliza. Nadhani hapa ndipo penye ujuzi wenyewe: kujua mmea wako umetoka wapi kabla ya kuamua uketi wapi.

Maua ya Aerangis hutoa harufu usiku, na nyuma ya kila ua kuna mrija mrefu mwembamba wenye nekta mwishoni. Mwaka 1862 Charles Darwin alipochunguza okidi ya Madagaska yenye mrija wa kupita sentimita 25, alibashiri kuwa lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, baada ya Darwin kufariki. Ndugu za nondo huyo wapo huku bara pia. Okidi iliyofungwa vizuri uani hutembelewa na wageni wa usiku kama ile iliyobaki msituni.

Na msituni okidi zinapungua. Miti hukatwa kwa ajili ya mkaa, mashamba na kuni za kukaushia tumbaku, na kila mti ukianguka huanguka na wapangaji wake. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula. Noël Bernard wa Ufaransa alionyesha mwaka 1899 kwamba huhitaji kuvu fulani ili iote. Shada la Ansellia lenye upana wa kukumbatia limechukua miaka mingi kufika hapo. Okidi zote zimo pia katika orodha za mkataba wa CITES, hivyo biashara yake kuvuka mipaka ya nchi inahitaji kibali.

Kwa hiyo ukivutiwa na kazi hii, usipande mti ulio hai kuichomoa okidi iliyokwisha kushika. Waulize wakulima wanaosafisha mashamba yao, na watu wa misitu kuhusu kibali, ukaokote ile iliyoanguka na tawi lililokatwa kabla haijachomwa. Na tawi lenyewe ulibebe: limeshakuwa gome lake.