Tahadhari Si Kinga: Vivinjari na Kazi Isiyohifadhiwa

Wengi wetu katika idara za Kiswahili tumeyaona haya. Mwalimu anaingiza alama za darasa zima katika ukurasa wa intaneti, au mwanafunzi anaandika humo insha ya mtihani. Kidole kinateleza, ukurasa unabadilika, na kazi ya saa nzima inapotea. Kwa kawaida lawama humwangukia aliyeandika. Katika makala haya tunapenda kukihoji chombo chenyewe, yaani kivinjari.

Kinga iliyozoeleka ni kidirisha kinachouliza iwapo unataka kuondoka au kubaki. Utaratibu huu uliletwa na Internet Explorer 4 mwaka 1997. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba humtegemea mtengenezaji wa tovuti; yeye akisahau kuuweka, hakuna anayekuonya. Kasoro ya pili inatuhusu sisi watu wa lugha. Zamani tovuti iliweza kuandika onyo lake yenyewe, kwa mfano: "Alama za wanafunzi bado hazijahifadhiwa." Matapeli waliitumia nafasi hiyo kuwatisha watu wasiondoke, hivyo Firefox iliifunga mwaka 2011 na Chrome mwaka 2016. Leo tunapewa sentensi moja ya jumla, isiyotaja ni kitu gani kitapotea. Anayeiona kila siku huizoea, akabofya "Ondoka" bila kuisoma. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, kwani ukurasa ulioachwa kidogo unaweza kufungwa ili kuokoa nafasi ya kumbukumbu, bila swali lolote.

Hata hivyo, hatua kadhaa zimepigwa. Kitufe cha kufutia herufi kilikuwa pia kikimrudisha mtu kwenye ukurasa uliotangulia. Chrome iliachana na desturi hiyo mwaka 2016, na Firefox mwaka 2021. Muhimu zaidi, tangu mwaka 2006 Firefox 2 iliweza kurejesha kurasa pamoja na maandishi ya kwenye fomu baada ya programu kuzimika ghafla.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Ikiwa kivinjari kinaweza kuyaokoa maandishi kinapoanguka chenyewe, kwa nini kisiyaokoe anapokosea mtumiaji? Tunapendekeza kila kilichoandikwa kitunzwe kwa muda, na mtu akirudi aulizwe kama anataka kurejeshewa. Tunalijua pingamizi: kompyuta za maktaba hutumiwa na wengi, na siri za mmoja zaweza kusomwa na mwingine. Basi nywila na namba za kadi zisitunzwe kabisa, na mengine yafutwe mtumiaji anapomaliza.

Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari. Lakini onyo lisilosomwa halimkingi mtu. Kwa sasa tunawashauri wasomaji wetu waandike kwanza katika programu ya kuandikia, wahifadhi, ndipo wanakili na kubandika.