Nguzo za Kaole na Neno "Kuvumbua"

Vitabu vya sanaa hupenda kusimulia ya kwamba Wafaransa ndio waliovumbua sanamu za kale za Wayunani. Twaomba neno hilo litazamwe. Mwaka 1820, katika kisiwa cha Milo, aliyeitoa ardhini sanamu ya Venus alikuwa mkulima akiondoa mawe shambani. Afisa wa manowari ya Kifaransa, Olivier Voutier, alikuwa karibu, akaichora. Na mwaka 1821 Mfalme Louis XVIII akaipokea kama zawadi. Mkulima alilipwa, kisha akasahauliwa. Mwaka 1863 Charles Champoiseau alichimbua huko Samothrace sanamu ya Ushindi yenye mabawa, nayo ikaenda Paris vilevile.

Mfaransa mwingine, Kapteni Charles Guillain, alisafiri katika mwambao wetu kati ya miaka 1846 na 1848, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1856. Mtafuta sanamu asingeziona huku, maana Waislamu wa Mrima hawakuchonga miili ya watu. Je, hawakuwa na wachongaji? Atokaye Mapinga akishika njia ya kaskazini atafika Kaole. Akishika ya kusini, Kunduchi. Kote kuwili atakuta makaburi yenye nguzo. Fundi alikata matumbawe yangali mabichi, maana hapo ni laini; yakisha kukauka huwa magumu. Akajenga, akapaka chokaa, na katika nguzo akapachika mabakuli ya Kichina. Hapo ndipo tuonapo akili yake: rangi moja nyeupe, kisha jicho moja la kung'aa lishikalo jua. Asiyeona sanaa hapo kwa sababu hapana pua wala mkono, amekuja na kipimo cha ugenini.

Mwaka 1958 Neville Chittick alichimba Kaole, nasi twamshukuru, kwani tarehe nyingi twazijua kwa kazi yake. Lakini waendao kuomba dua penye kaburi la Sharifa hawakumngoja awavumbulie kitu.

Mabakuli, je? Mengine yaling'olewa na wezi, mengine yakahifadhiwa katika Makumbusho ya Dar es Salaam. Yapo salama, hatubishi. Ila bakuli rafuni ni chombo cha mchuzi tu, na nguzo imebaki na tundu. Twaona ingefaa yatengenezwe mengine ya mfano wake, yapachikwe matunduni, na kando ya kila bakuli la Makumbusho iandikwe lilitoka kaburi lipi.