Nimeishika! Fiksata ya Bega Mezani Kigali

Naandika mikono ikiwa bado haijatulia. Leo asubuhi, katika chumba cha mafunzo hapa Kigali, kitambaa cha kijani kilifunuliwa mezani nikaiona kwa macho yangu: fiksata ya nje ya bega, yaani fremu ya kuushikilia mfupa uliovunjika kutokea nje ya mwili, seti nzima, sinia limejaa pini, vibano na fito nyeusi za kaboni, na pembeni mfupa wa plastiki wa mkono wa juu uliovunjwa makusudi. Nikaambiwa, shika. Nikashika kila kitu!

Kwanza, wepesi wake. Nilitarajia chuma kizito, kumbe fito ya kaboni huisikii kiganjani, na mwanga wa eksirei hupita ndani yake, kwa hiyo daktari anauona mfupa bila kivuli cha fito. Kibano nacho kinazunguka kila upande kabla hakijakazwa. Ukikikaza kwa spana, kimekaa! Nilikitikisa kwa nguvu zangu zote, wapi.

Furaha yote hii ya nini? Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na Kigali ni mji wa vilima na pikipiki. Abiria wa taksi-moto hupewa helmeti, na helmeti inaokoa vichwa, ila bega halina helmeti. Pikipiki ikiteleza siku ya mvua kwenye mteremko wa kushukia Nyabugogo, bega ndilo linalopokea lami, na mfupa wa mkono unakatika shingoni, chini kidogo ya kichwa chake. Baadaye mtu huyo anakuja kwangu bega limeganda. Hawezi kuchana nywele. Hawezi kujifunga kitenge mwenyewe. Bega ni kiungo kisichosamehe kufungiwa muda mrefu.

Nakiri mapema kwamba mabega mengi yaliyovunjika hupona kwa kombeo la kitambaa na mazoezi tu. Utafiti wa PROFHER wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015 ukiwa na wagonjwa 250, ulikuta kwamba baada ya miaka 2 waliopasuliwa hawakuwa na nafuu kubwa kuliko waliotumia kombeo. Lakini wapo ambao vipande vyao vimeachana kabisa. Kipimo alichokiweka Charles Neer mwaka 1970 ni sentimita 1 au nyuzi 45. Kupita hapo, kipande kinahesabiwa kuwa kimehama. Wapo pia wenye jeraha wazi lililojaa mchanga, ambapo kuingiza bamba la chuma ndani ni kukaribisha usaha. Kwa watu hao, hiki kilicho mezani ni kitu kizuri mno.

Uzuri wake uko hivi. Bega halifunguliwi. Daktari anavirudisha vipande mahali pake kwa kuvuta na kusukuma, akitazama eksirei, kisha anapitisha pini nyembamba kwenye vitundu vidogo vya ngozi: nyingine zinapanda hadi kichwa cha mfupa, nyingine zinashika mwili wa mfupa chini yake. Nje, vibano na fito vinaziunganisha. Wanyarwanda wana abunzi, wapatanishi wa jamii, jina lenye mzizi mmoja na kuunga kwetu. Hukaa kati ya wagombanao bila kuwa upande wa yeyote, mpaka wapatane. Fremu hii nayo hukaa hivyo kati ya vipande vya mfupa, mpaka viunge. Nitakapowaeleza wagonjwa wangu wa mtaa wa Biryogo, nitaanzia hapo.

Nilijaribu mwenyewe kwenye plastiki, na pini ya kwanza ikanifundisha heshima. Sentimita 5 hivi chini ya ncha ya bega inapita neva inayoupa uhai musuli mkubwa wa bega. Ukiipiga, mkono hautanyanyuka vizuri. Chini zaidi kuna neva nyingine inayouzunguka mfupa kwa nyuma. Kwa hiyo keekee haiendi popote inapopenda. Njia salama ni nyembamba na lazima uijue kwa moyo.

Na wazo lenyewe la kuushika mfupa kutokea nje ni la kale! Clayton Parkhill alilitumia Denver mwaka 1897, Albin Lambotte akalitumia Antwerp mwaka 1902, na huyu Lambotte alikuwa pia akiunda fidla kwa mikono yake, jambo ambalo baada ya leo nalielewa kabisa. Mwaka 1938 Raoul Hoffmann wa Geneva akaleta kiungo kinachomwezesha daktari kunyoosha mfupa hata fremu ikiwa imeshafungwa.

Kasoro? Zipo, na ni za kila siku. Vitundu vya pini huingiwa na vijidudu, hivyo vinahitaji kusafishwa kwa bidii nyumbani. Kulala ubavu wenye fremu, hapana. Shati la mikono haliingii, ingawa kitenge kinaingia bila shida yoyote. Na mfupa uliodhoofika kwa uzee hauzishiki pini ipasavyo.

Ila kwangu mimi yote hayo yanafifia mbele ya jambo moja: fremu ikiwa imara, daktari akiridhia, mkono unaanza kuning'inizwa na kuyumbishwa taratibu mapema, kabla bega halijaganda. Na mfupa ukishaunga, kwa kawaida baada ya wiki kama 6, pini huweza kutolewa kliniki, bila kupasuliwa mara ya pili.

Hilo nalo nililijaribu. Nikalegeza vibano, nikaishika pini, nikaizungusha polepole ikatoka, ikaacha kitundu kidogo kwenye plastiki. Mwalimu akaanza kukunja kitambaa cha kijani. Nikamwomba asubiri, nikaokota fito, nikaanza kuifunga upya.