Mikono Inayoilengesha Dawa

Dawa mpya za saratani ya matiti na ya tezi dume zinasifiwa kwa kulenga. Haziangamizi kila seli inayokua haraka, zikiwemo za nywele na utumbo. Hutafuta protini moja mahususi kwenye seli ya saratani na kuizuia hiyo. Sifa hiyo zinastahili. Lakini dawa hailengi mpaka mtu ameionyesha pa kulenga, na kazi ya kuonyesha ni ya mikono: sindano, chupa, nta, wembe, rangi na jicho. Ni kazi ya mafundi wanaopokezana, na fundi wa kwanza hayuko Dar es Salaam. Yuko hospitalini, Kilosa au Mikumi, amevaa glovu, na muda wake ni saa moja tu.

Tuone kwanza kinacholengwa. Seli ya mwili haijiamulii kukua, husubiri kuambiwa. Homoni ya estrojeni ikifika kwenye seli ya titi hupiga hodi, na wa kuitikia ni kipokezi, protini iliyokaa ndani ya seli ikimngoja mgeni huyo mmoja. Wakishashikana, huamsha vinasaba vinavyoiamuru seli igawanyike. Kwenye tezi dume, mgeni ni testosteroni. Saratani nyingi za viungo hivi viwili zinaendelea kuutegemea mlango huohuo wa zamani. Kuna pia kipokezi cha HER2, kinachosimama kwenye utando wa nje wa seli. Katika baadhi ya saratani za matiti vipokezi hivi huzaana kupita kiasi, vikagusana vyenyewe kwa vyenyewe na kutoa amri ya kukua hata kama hakuna aliyebisha.

Maarifa haya yalianza kabla ya mtu yeyote kuiona molekuli. Mwaka 1896 daktari wa Scotland, George Beatson, alichapisha habari za wanawake wenye saratani ya titi iliyoenea ambao uvimbe wao ulinywea baada ya yeye kuwaondolea ovari. Wazo lake lilitokana na kuchunguza unyonyeshaji, na alizingatia kile ambacho wafugaji walikwisha kukijua kuhusu ovari na maziwa ya ng'ombe. Mfugaji wa Kilosa angemwelewa bila mkalimani. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume nayo hunywea korodani zikiondolewa, na mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel. Jijini humohumo Elwood Jensen aliweka alama ya mionzi kwenye estrojeni, akaifuatilia mwilini hadi akamfikia mwitikaji wake. Tamoksifeni, iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960 kwa matumaini ya kuwa dawa ya kuzuia mimba, ilishindwa kazi hiyo ikageuka kidonge cha kuziba kipokezi cha estrojeni. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa ambao seli zao zina nakala nyingi za kinasaba cha HER2 hupata ugonjwa mkali zaidi, na mwaka 1998 dawa ya trastuzumabu, inayokilenga kipokezi cha HER2, iliidhinishwa Marekani.

Sasa turudi kwenye ile saa moja. Mama amefika hospitalini na uvimbe titini, amechelewa kama wanavyochelewa wengi, amepitia mitishamba, amesubiri mpunga uuzwe apate nauli. Daktari anachukua kwa sindano nene vijiti vya nyama vyembamba, vya urefu wa sentimita moja au mbili. Tangu vilipoachana na damu, vijiti hivyo vimeanza kufa. Vimeng'enya vya seli zenyewe huanza kuzitafuna protini zake, na joto la bonde la Mkondoa, huko Kilosa, huongeza kasi. Kanuni ya kimataifa inataka viingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, vikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Chini ya hapo protini hazijashikika vizuri, na zikizidishiwa muda hufungwa kiasi cha kujificha.

Fomalini nayo ina masharti yake. Iwe ya asilimia 10, ichanganywe na chumvi za kuizuia isigeuke asidi, na iwe nyingi mara kumi ya kipande. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa sababu kinachoingia kikiwa laini hutoka kikiwa kigumu. Fomalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa. Kwa hiyo titi zima lililoondolewa likitumbukizwa kwenye ndoo bila kuchanjwa, nje litahifadhika na katikati litaharibika. Anayejua kazi hulichanja sambamba na kutia shashi kati ya vipande ili dawa ipite. Hakuna atakayempigia makofi kwa shashi hiyo, wala jina lake halitakuwemo kwenye majibu. Lakini kila kitakachofuata kinaegemea alichokifanya.

Kutoka Mikumi, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, mpaka Dar es Salaam ni takriban kilomita 300. Kilosa ina Reli ya Kati tangu enzi za Wajerumani, na sasa treni ya umeme inasimama huko. Kipande kilichoingia kwenye fomalini kwa wakati huimudu safari hiyo bila shida, iwe kwa basi au kwa reli. Adui wake si umbali. Adui ni dakika zilizopotea kabla ya kifuniko kufungwa, na kifurushi kinachosahaulika juu ya kabati wiki nzima.

Katika maabara ya patholojia, kama ile ya Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, kipande hupitishwa kwenye alkoholi inayozidi kuwa kali hadi maji yote yatoke, kisha kwenye zailini, kisha kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa nyuzi joto karibu 60. Ikipoa, nyama na nta vinakuwa tofali moja dogo. Simama nyuma ya mteknolojia wa maabara anapolikata. Amelipoza juu ya barafu, amelikaza kwenye mashine, anazungusha gurudumu kwa mwendo usiobadilika. Kila mzunguko tofali hushuka mbele ya wembe na kuacha tabaka la maikroni 4, maana yake ni kwamba matabaka 250 yakipangwa ndipo unapata milimita moja. Hutoka yameshikana kama yalivyokatwa, moja nyuma ya jingine, utepe mweupe unaopitisha mwanga. Anaudaka kwa ncha ya brashi na kuulaza juu ya maji ya uvuguvugu. Makunyanzi yanajinyoosha yenyewe. Anaingiza kioo majini kwa mshazari, anakileta chini ya utepe, anakiinua, na tabaka limekaa pake. Wembe wenye pengo huacha michirizi. Pumzi ya mtu humpokonya utepe. Anajua kwa sauti ya wembe kama nta imepoa kupita kiasi. Ujuzi huo haupatikani kitabuni, na kwenye vioo mia hakuna anayekumbuka kuuliza nani alikata.

Kioo cha kwanza hutiwa hematoksilini, rangi inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, pamoja na eosini. Hapo daktari wa patholojia anajua kama ni saratani na ni ya aina gani. Kinachofuata ni kuuliza kuhusu vipokezi. Hapa hutumika kingamwili zilizotengenezwa kwa njia ambayo Georges Köhler na César Milstein waliigundua Cambridge mwaka 1975: kila moja hushika umbo moja tu la protini. Kioo huchemshwa kwanza ili protini zilizofungwa na fomalini zifunuke, kisha kingamwili humwagwa juu yake, kisha kemikali inayoacha rangi ya kahawia kila mahali ilipong'ang'ania. Kipokezi cha estrojeni kikiwepo, viini vya seli hugeuka kahawia. Hata asilimia moja tu ya seli ikibadilika, jibu ni chanya. HER2 ikiwa nyingi, kahawia huizunguka kila seli kwenye utando wake, na uvimbe wote huonekana kama wavu.

Kuna jambo moja katika usomaji huu ambalo linanifanya niiheshimu kazi hii kuliko yote. Pembeni ya saratani, kwenye kioo hichohicho, mara nyingi huwemo vijia vya maziwa visivyo na ugonjwa. Navyo vina kipokezi cha estrojeni, kwa hiyo baadhi ya seli zake lazima ziwe kahawia. Msomaji makini huvitazama hivyo kabla ya kuitazama saratani. Kama vijia hivyo vizima navyo havina kahawia, haandiki "hasi". Anajua kwamba kimya hicho si cha ugonjwa. Ni cha kipande kilichoharibika njiani, au rangi iliyokosewa. Anarudia kipimo, au anaomba kipande kingine.

Uangalifu huo una uzito kwetu. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliona kwamba vipande vya zamani vilivyotolewa kwenye hifadhi vilitoa majibu chanya ya estrojeni machache kuliko vile vilivyokusanywa kwa mpango na kushughulikiwa mara moja. Kwa hiyo sehemu ya kile tulichodhani ni saratani kali ya Waafrika, isiyosikia homoni, ilitoka kwenye chupa zetu. Na tamoksifeni ni kidonge cha bei nafuu, kimoja kwa siku, kinachomezwa nyumbani kwa miaka mitano au zaidi. Mama aliyeandikiwa "hasi" kwa makosa hunyimwa kidonge hicho, na hatajua kamwe.

Kwa wazee wetu wenye saratani ya tezi dume mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa karibu zote huanza zikitegemea testosteroni. Kazi ya jicho hapo ni kupima jinsi vijitezi vilivyovurugika, kwa mizani aliyoiunda Donald Gleason katika miaka ya 1960. Upasuaji wa korodani aliouonyesha Huggins hauhitaji mashine kubwa, na bado ni tiba halali ya kuizima hodi ya homoni. Saratani ikijifunza kuishi kwa testosteroni kidogo iliyobaki, kuna abirateroni, inayozuia kimeng'enya cha kuitengeneza hata ndani ya uvimbe wenyewe. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, kama lilivyoiweka trastuzumabu mwaka 2015. Bei za dawa hizi bado ni mzigo kwa familia ya mkulima, na kuzipigania zishuke ni wajibu.

Lakini lipo la kufanya wiki hii. Fomu ya kuombea kipimo ijazwe nyakati mbili: saa kipande kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye fomalini. Ziandikwe kwa ukweli hata kama zinaaibisha, maana msomaji wa Dar es Salaam atazihitaji siku akikuta vijia vizima visivyo na kahawia. Anayetaka sayansi ya molekuli iwafikie watu wa Kilosa na Mikumi aanze na chupa yenye mdomo mpana, fomalini iliyotengenezwa sawasawa, na kalamu, kisha amfundishe kila aliye zamu. Gharama yake ni ndogo, na hakuna dawa ya bei yoyote inayoweza kuifidia saa ya kwanza ikishapotea.