Mgeni Asiyealikwa

Steven Markovitz ni prodyuza wa Afrika Kusini. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2018, ina mkono wake. Kabla ya hapo alikwisha kuanzisha Electric South pamoja na Ingrid Kopp, akaingia kwenye uhalisia pepe: unavaa miwani mizito, ukigeuza shingo unaona hata ya nyuma yako. Sinema hakuihama, jamani. Kafanya kama mwenye duka wa hapa Mlandege, kafungua mlango wa pili.

Tuuchungulie mlango huo kwa kazi moja, Let This Be a Warning (2017), ya Jim Chuchu na wenzake wa The Nest, Nairobi. Waafrika wameihama dunia, wanaishi sayari ya mbali. Anatokea mgeni asiyealikwa. Mgeni ni wewe uliyevaa miwani.

Hapo nampa Chuchu mkono. Sie waandishi tunahangaika kulishika jicho la msomaji; humo ndani jicho linazurura litakako. Yeye kawafanya watu wakutazame wewe. Utazame wapi tena? Ukumbini ungejificha nyuma ya kicheko cha jirani.

Lakini mgeni huyu hana kinywa. Anatazamwa kwa shaka, hajibu, basi, imekwisha. Rafiki ilipigwa marufuku Kenya. Mahakama ilipoifungulia siku saba, Septemba 2018, watu walijaa ukumbini Nairobi, bega kwa bega. Huyu aliyevua miwani amgeukie nani amwambie, "Umemwona yule?"